Mistari myeusi haikati picha

Wengi huamini kwamba mistari myeusi juu na chini ya filamu, tuseme ya njama za kisiasa ya Marekani ya miaka ya 1970, ni dalili ya picha iliyokatwa. Kwa kawaida ni kinyume: mistari huonyesha kuwa upana wote wa picha umebaki. Filamu ya 2.39:1 (upana ni mara 2.39 ya kimo) kwenye runinga ya Full HD ya 16:9 hutumia takriban pikseli 800 kati ya 1080 za kimo. Waliokata ni watengenezaji wa kanda za video za VHS za 4:3, umbo la runinga za zamani: zaidi ya asilimia 40 ya upana ilipotea, pamoja na jasusi aliyesikiliza pembeni.

Hakikisha mwenyewe: simamisha tukio lenye watu kwenye ncha zote mbili, kisha kuza picha kwa rimoti ijaze kioo. Watatoweka. Nyuso zikirefuka, umeivuta, hukuikuza. Rudisha mpangilio wa awali.