Shamba la Kifahari Laikipia: Unavyoambiwa na Ilivyo

Dalali anayejua kazi yake hukufikisha Nanyuki, mji wa kaunti ya Laikipia, kabla jua halijapanda. Saa moja asubuhi Mlima Kenya uko wazi, kilele cha Batian kinang'aa, nyasi zina umande, na shamba la ekari ishirini linaonekana kama umeahidiwa pepo. Ikifika saa nne mawingu yameshaufunika mlima, lakini wewe umeshaitikia bei. Nimewasindikiza jamaa zangu katika safari za namna hii mara kadhaa, wengi wao wakiwa wametoka Doha au Marekani na akiba ya miaka kumi mfukoni. Maneno wanayoambiwa pale getini ni yaleyale, na mengi si ya kweli.

"Hapa ni kijani mwaka mzima."

Nenda Februari. Laikipia iko upande wa mlima usiopata mvua nyingi, na kijani unachooneshwa Mei au Novemba huwa kimeshageuka rangi ya ngozi ya simba. Asiyetaka uende Februari ana sababu yake.

"Mto unapita shambani, kwa hiyo maji ni yako."

Hili ndilo linalowaumiza wengi. Mto si mali ya mwenye shamba. Katiba ya Kenya ya 2010 inaihesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma, na Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa yeyote anayefunga pampu au kuchepusha mfereji. Ukiteka kwa ndoo ya kupikia hakuna atakayekuuliza. Ukimwagilia parachichi ekari kumi, utaulizwa.

Tena watakaokuuliza kwanza si maafisa, ni majirani. Kwenye mito inayoteremka kutoka mlimani, kama Nanyuki, Likii na Burguret, watumiaji wana jumuiya zao, na kiangazi kikikaza hugawana maji kwa zamu. Mito hiyo yote huishia Ewaso Ng'iro, na huko chini wako wafugaji wa Samburu na Isiolo ambao wameshauona mto huo ukikauka kabla haujawafikia. Ukifungua bomba usiku usio wa zamu yako, habari itakuwa sokoni kabla ya chai.

Safari moja mwenyeji wetu alituonesha bomba la inchi nne lililozama mtoni, akajisifu kwamba limekaa hapo tangu enzi za baba yake. Nikamwomba kibali. Akacheka, akabadilisha mazungumzo, akatupeleka kuona farasi. Binamu yangu alipenda farasi wale sana. Ilibidi nimkumbushe garini kwamba farasi nao wanakunywa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza vyumba vya kulala ni vingapi, uliza kibali kina jina la nani, kinaruhusu mita za ujazo ngapi kwa siku, na kinaisha lini. Kisha uliza bwawa liko wapi. Mwenye kumwagilia hutakiwa kuvuna maji ya msimu wa mvua na kuyaweka, si kuutegemea mto wakati ambao hata samaki wanahangaika. Kisima kirefu nacho kinahitaji kibali, na kuna mashimo yaliyochimbwa kwa pesa nyingi yakatoa vumbi.

"Hati ni safi, nimeshaifanyia upekuzi."

Upekuzi wa ardhi unakwambia jina lililo kwenye daftari leo. Haukwambii jina hilo lilifikaje pale. Mnamo Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha ufukweni Nyali, kilianza kumilikishwa mwaka 1989 kikapita mikononi mwa wengine, na kaunti ilikuwa imeubomoa ukuta wake ikidai kuna njia ya umma ya kwenda baharini. Aliyenunua alikuwa na hati. Mahakama ikasema hati peke yake haitoshi: ikiwa mwanzo wake haukuwa halali, aliyenunua kwa nia njema naye hana pa kujikinga.

Tangu siku hiyo mawakili makini hurudi nyuma hadi kwenye barua ya kwanza ya ugawaji, ramani ya upimaji na kila uhamisho uliofuata. Huchukua wiki, na dalali atanung'unika kwamba kuna mnunuzi mwingine anayesubiri. Daima kuna mnunuzi mwingine anayesubiri.

"Asiye raia afungue kampuni tu, mambo yataisha."

Kifungu cha 65 cha Katiba kilishaufunga mlango huo. Asiye raia anapangishwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa ya raia ikiwa hisa zote ni za raia. Zote, si asilimia hamsini na moja. Kwa ardhi ya kilimo kuna kizingiti kingine: Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inaitaka bodi ya ardhi ya eneo ikatae ombi la kumhamishia asiye raia, na msamaha hutoka kwa Rais. Hata raia kwa raia, idhini ya bodi isipoombwa ndani ya miezi sita, makubaliano hubatilika.

Kwa walio ughaibuni kuna afueni. Katiba hiyohiyo iliruhusu uraia pacha, na aliyepoteza wa Kenya kwa kuchukua wa nchi nyingine anaweza kuuomba tena. Maliza karatasi hizo kwanza, halafu ndiyo uje uangalie mlima.

"Majumba ya kifahari hayashuki bei."

Hayashuki kwa shilingi, labda, kwa sababu mwenye jumba Karen au Muthaiga, mitaa ya matajiri Nairobi, huwa hana njaa; soko likilala, naye hulala. Lakini piga hesabu kwa dola. Nyumba ya shilingi milioni 100 mwishoni mwa 2019, dola ikiwa takriban shilingi 101, ilikuwa na thamani ya karibu dola 990,000. Januari 2024 dola ilifika kama 160: nyumba ileile, bei ileile ya shilingi, dola 625,000. Miezi michache baadaye shilingi ikajikaza hadi karibu 130, na aliyekuwa anasubiri kwanza iporomoke zaidi akajikuta anatakiwa kuongeza dola 144,000 hivi. Hakuna tofali lililoongezwa wala kutolewa.

Halafu kuna ada na kodi. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mijini na 2 mashambani. Muuzaji hulipa kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, kutoka 5. Wauzaji wengi hujaribu kukubebesha na hiyo ndani ya bei, kwa upole.

"Shamba litajilipa lenyewe."

Wanaosema hivi wakiwa Karen hunichekesha zaidi. Pale palikuwa na shamba kubwa la kahawa la kampuni ya familia ya Karen Blixen, mwanamke wa Denmark. Mahali penyewe ni pa juu mno kwa kahawa. Mvua zikakosekana, bei ikaanguka, na mwaka 1931 likauzwa. Aliyelinunua hakuhangaika na kahawa, alikata viwanja.

Mtindo huo haujakoma. Miradi ya nyumba ya Tatu City na Migaa kule Kiambu imesimama juu ya mashamba ya kahawa, na kwenye mradi wa Vipingo Ridge, kaskazini mwa Mombasa, uwanja wa gofu umeota palipokuwa na katani. Laikipia sasa wanakata mashamba ya ng'ombe vipande vya ekari tano, ekari kumi, na kuviita mashamba. Ekari tano za nchi kavu hazilishi hata ng'ombe wachache mwaka mzima. Ongeza mshahara wa mlinzi, mafuta ya jenereta na uzio wa umeme wa kuwazuia ndovu, ambao hawajui mpaka wako unaishia wapi.

Binamu yangu hakununua zile ekari ishirini. Alirudi Februari mwaka uliofuata, peke yake, akachukua mbili karibu na mji, zenye tangi na mita ya maji. Mlima hauonekani kutoka barazani kwake. Inabidi apande juu ya tangi.