Sanamu za wafalme wa Kijerumani: anza kutazama mkiani

Mwenyeji wa Hannover akikwambia mkutane "chini ya mkia", usimfikirie vibaya. Ni mkia wa farasi wa Mfalme Ernst August, ambaye yuko mbele ya stesheni kuu ya mji huo tangu 1861. Mfalme yuko juu, kavaa sare za kijeshi. Chini yake, kwenye jiwe, pameandikwa kwamba hii ni heshima kwa baba wa nchi kutoka kwa watu wake waaminifu. Baba huyo huyo, alipokalia kiti mwaka 1837, aliifuta katiba; maprofesa saba wa Göttingen walipopinga akawafukuza kazi, wakiwemo ndugu wawili wa ukoo wa Grimm, wale waliokusanya ngano. Uaminifu siku hizi hautajwi na mtu pale stesheni. Kinachotajwa ni mkia.

Kazi yangu ni kukarabati sanamu za madini, na vijana wanaokuja kujifunza nawaambia hivi: sanamu ya mtawala juu ya farasi msianze kuitazama usoni. Uso ule umepita mikononi mwa wakubwa kabla haujafika kwa fundi. Zungukeni nyuma, kisha muiname.

Ukiinama utaliona tumbo, na tumboni mara nyingi kuna tundu dogo. Farasi wa bronzi ni mtupu ndani kama mtungi. Kwa njia ya zamani, fundi hufinyanga umbo la nta juu ya kiini cha udongo, akalifunika kwa udongo mwingine, akalichoma mpaka nta iyeyuke itoke, kisha pale nta ilipokuwa akamimina shaba iliyochanganywa na bati. Sanamu kubwa husubiwa vipande vipande, ikaja kuungwa baadaye. Viungo hivyo vikizeeka huvuja, mvua ikaingia, na lile tundu ndilo njia yake ya kutokea.

Siku moja nilikuwa chini ya farasi wa mji mmoja ambao sitautaja, baridi imeanza kuuma, nikagonga tumbo kwa kifundo cha kidole. Nilitegemea mlio wa kengele. Nikasikia "pu", kama debe lililojaa. Manyoya ya njiwa na majani makavu yalikuwa yameliziba tundu. Nilipolizibua kwa waya, maji meusi yakanishukia mkono mzima mpaka kwapani. Yangebaki mle mpaka majira ya barafu yangeganda, yakatanuka, na bronzi ingepasuka kama chupa ya soda iliyosahaulika kwenye friza. Mfalme aliyeshinda vita anaweza kuangushwa na njiwa.

Halafu kuna habari ya miguu. Kila nikipanda ngazi, lazima atokee mpita njia wa kunieleza kwamba farasi akiinua miguu miwili, bwana wake alifia vitani. Akiinua mmoja, alikufa kwa majeraha. Akikanyaga yote minne, alifia kitandani. Ni hadithi tamu, lakini nenda Dresden. August Mwenye Nguvu, mtawala wa huko, kapakwa dhahabu kichwa mpaka kwato, farasi wake kasimama kwa miguu ya nyuma tangu 1736, na mwenyewe alifia Warsaw mwaka 1733 kwa maradhi. Miguu huamuliwa na uzito na ubingwa wa fundi. Kumsimamisha farasi wa bronzi kwa miguu miwili ni balaa, ndiyo maana mafundi wengi huushusha mkia mpaka chini uwe mguu wa tatu. Yule wa Dresden walimpunguzia mzigo kwa kumtengeneza kwa mabamba ya shaba yaliyofuliwa kwa nyundo. Tatizo la mabamba ni kwamba yanahitaji mifupa ya chuma ndani, na chuma kikigusana na shaba penye unyevu, kinacholiwa ni chuma. Kwa nje dhahabu inang'aa tu.

Berlin, katika barabara ya Unter den Linden, yuko Friedrich Mkuu, mfalme wa Prussia, kazi ya Christian Daniel Rauch iliyozinduliwa 1851. Kwa jumla ina urefu wa mita 13.5. Rauch alimvalisha kofia yake ya pembe tatu, akamtundikia na bakora mkononi. Hilo nampa heko, maana mtindo wa kuwavika wafalme nguo za Kirumi ulikuwa bado na wenyewe. Kitako kimezungukwa na majenerali, wanne kati yao nao wamepanda farasi. Kant na Lessing, mwanafalsafa na mwandishi, umewahi kuwatafuta? Wako upande wa nyuma, chini ya mkia. Serikali ya Ujerumani Mashariki ilimwondoa Friedrich mwaka 1950, akaishia Potsdam. Mwaka 1980 serikali ile ile ya kikomunisti ikamrudisha. Mzee mwingine, Friedrich Wilhelm wa Brandenburg, ambaye Andreas Schlüter alimzungushia watu wanne waliofungwa minyororo, alizama na jahazi ziwani Tegel baada ya vita, akaopolewa 1949. Sasa yuko uani kwa kasri la Charlottenburg.

Msomaji wa Tanzania nitamsimamisha Köln, kwenye daraja la reli la Hohenzollern, lililokamilika 1911. Wapanda farasi wako wanne, wawili kila upande wa mto Rhine, na mmoja wao ni Kaizari Wilhelm II. Ndiye yule aliyekuwa kwenye rupia za Wajerumani wa Afrika Mashariki, na kofia yake ya chuma. Aliwekewa sanamu hii akiwa hai na anatawala. 1918 akakimbilia Uholanzi. Wissmann, gavana wake aliyewekewa sanamu Dar es Salaam mwaka 1909, hakupewa hata farasi.

Mwaka 1945 jeshi la Ujerumani lenyewe lililipua daraja, wapanda farasi wakapona. Mara ya mwisho nilipopita, watu walijaa kwenye uzio wa reli wakisoma majina kwenye makufuli ya wapenzi. Makufuli ni maelfu kwa maelfu. Hatua chache kutoka hapo, chini ya Kaizari, palikuwa na kijana mmoja tu, na alikuwa anafunga kamba za viatu.