Maana ya bloku "iliyojengwa" kwa gari lenye supachaja

Bloku "iliyojengwa" si lazima iwe mpya wala kubwa zaidi. Ni nusu injini, yaani bloku (mwili wa injini wenye silinda) na krenki, konrodi na pistoni zake bila hedi inayofunika silinda juu, ambayo imefunguliwa, ikatiwa vyuma vya kufuliwa badala ya vile vya kumimina kwenye kalibu, kisha nafasi zote kati ya vyuma zikapimwa upya kwa presha ya supachaja, pampu inayosukumia injini hewa kwa nguvu.

Mfano mzuri ni wa Chevrolet wenyewe. Injini ya LS3 ya Corvette ya 2008 na ile ya LS9 ya Corvette ZR1 ya 2009 zote ni lita 6.2. LS3 huvuta hewa yenyewe: uwiano wa mgandamizo ndani ya silinda 10.7:1, pistoni za kumimina, nguvu ya farasi 430. LS9 imezaliwa na supachaja: 9.1:1, pistoni za kufuliwa, konrodi za titani, bolti za hedi za milimita 12 badala ya 11, farasi 638.

LS3 ya kiwandani huvumilia presha ndogo, kama bar 0.4, mradi petroli ni nzuri na kompyuta haikupangwa kwa pupa. Inayoiua ni kugonga, yaani petroli na hewa kujilipukia ovyo ndani ya silinda. Pistoni ya kumimina ni ngumu lakini hukatika kama kigae: kingo nyembamba kati ya ringi mbili za juu humeguka, moshi wa buluu unaanza.

Kwenye ringi ndiko injini nyingi za gharama huharibikia. Silinda ya LS3 ina kipenyo cha mm 103.25. Mwanya wa mm 0.45 kati ya ncha mbili za ringi ya juu unatosha injini ya kawaida. Ukitia supachaja, ringi hutanuka kwa joto hadi ncha zake zinagusana, inakwaruza silinda na kung'oa kichwa cha pistoni. Kwa gari la barabarani lenga mm 0.57 hadi 0.62, isipokuwa mtengenezaji wa pistoni ameandika vingine. Kila ringi ipimwe ndani ya silinda itakamokaa.

Pistoni za kufuliwa za aloi ya alumini ya 2618 hustahimili kugonga kuliko za 4032, ila hutanuka zaidi, kwa hiyo huachiwa nafasi kubwa na hupiga kelele asubuhi kabla injini haijapata moto. Hiyo si hitilafu.

Bloku ya chuma ni imara na ya bei nafuu, lakini uzito wake wa ziada huangukia zaidi magurudumu ya mbele. Kwa gari la kona, baki na bloku ya alumini kama ya LS3. Mikebe ya silinda za LS3 ni myembamba: ihoniwe, yaani isuguliwe kidogo ndani, hadi kipenyo cha mm 103.38 tu, si kupanuliwa. Na kabla ya kuhoni, karakana ifunge juu ya bloku bamba nene la chuma kwa torki (nguvu ya kukazia bolti) ileile ya hedi. Bila bamba hilo, silinda iliyokuwa duara mezani huwa yai siku hedi inapokazwa, na ringi mpya zitakula oili tangu kilomita ya kwanza.