Sentensi ninayoifuta kila kikao cha Bunge

Ni hii: "Je, Serikali ina mpango gani wa kuhakikisha…" Kazi yangu ni sera za biashara ya nje, na sehemu yake ni kuwasaidia wabunge wa upinzani kuandaa maswali kwa mawaziri. Karibu kila rasimu inayofika mezani kwangu huja na maneno hayo. Yana adabu, yanasikika vizuri kwenye kipaza sauti, na wapiga kura jimboni wanayaelewa. Lakini ukimuuliza waziri mpango, atakupa mpango. Atasema mazungumzo yanaendelea, wataalamu wanapitia, taarifa itatolewa wakati muafaka. Hajasema uongo, na hajajibu chochote.

Kwenye barabara au kisima hasara yake si kubwa sana, kwa sababu mbunge anaweza kwenda mwenyewe kuona kama greda lipo. Mkataba wa biashara huwezi kwenda kuuona. Unajadiliwa Brussels au Geneva, mlango umefungwa, na kinachorudi nyumbani ni karatasi tu. Kwa hiyo mbunge aulize habari za karatasi. Nani alitia sahihi, siku gani, wapi, kwa idhini ya nani, na kifungu kipi kinasema tunachoambiwa kinasema.

Mfano ninaowapa wabunge wapya ni wa Buzwagi. Februari 2007, Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Nazir Karamagi, alisaini mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi akiwa London. Agosti mwaka huohuo Zitto Kabwe, mbunge kijana wa upinzani kutoka Kigoma Kaskazini, alipeleka hoja binafsi akitaka Bunge liunde kamati teule kuchunguza. Angeweza kuzungumzia uzalendo na rasilimali za taifa kwa saa nzima, na watu wangepiga makofi. Kilichoifanya hoja ile iwe nzito ni jambo dogo mno: kwa nini mkataba wa mgodi ulioko Kahama usainiwe London, tena wakati Serikali yenyewe imekwisha kutangaza kwamba inaipitia upya mikataba ya madini? Mahali na tarehe. Swali hilo mtu yeyote sokoni alilielewa siku hiyohiyo, na halikuwa na jibu la "mchakato unaendelea".

Bunge lilimsimamisha Zitto hadi Januari 2008, kwa madai kwamba alisema uongo. Hata hivyo Novemba 2007 Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuitazama sekta ya madini, Zitto akiwa mmoja wa wajumbe, na mwaka 2010 tukapata Sheria mpya ya Madini. Sisemi swali moja ndilo lililoleta sheria. Nasema lilikuwa swali ambalo kumfungia mlango muulizaji hakukulimaliza.

Na maswali ya bungeni yalianza hivyo tangu asili yake. Swali la kwanza lililowekwa kwenye kumbukumbu za Bunge la Uingereza liliulizwa na Lord Cowper tarehe 9 Februari 1721, wakati kampuni ya South Sea imeporomoka na kuzama na akiba za watu. Alitaka kujua kama ni kweli kwamba mtunza fedha mkuu wa kampuni hiyo, Robert Knight, ametoroka nchi na amekamatwa Brussels. Biashara na mambo ya nje ndani ya sentensi moja, na jambo ambalo ama limetokea ama halijatokea. Miaka 300 baadaye sijaona muundo unaoushinda.

Kwetu Tanzania haki yenyewe ipo wazi. Ibara ya 63(3) ya Katiba inampa mbunge mamlaka ya kumuuliza waziri swali lolote la umma lililo katika wajibu wake, na ibara hiyohiyo inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Tatizo liko kwenye namna ya kuitumia haki hiyo.

Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi. Wizarani linapita mikononi mwa maofisa wanaoijua kazi yao, jibu linaandikwa, linasafishwa, waziri anakuja kulisoma. Hapo usitegemee kumkuta hajajiandaa. Ila ukiisha kujibiwa, unasimama tena: "Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu ya Waziri, nina maswali mawili ya nyongeza." Hayo hayajaandikwa popote isipokuwa kwenye daftari lako. Mimi naanza kuandika kutoka huko mwisho. Natafuta kwanza swali la nyongeza ninalolitaka, kisha naandika la msingi ambalo jibu lake, liwe la ndiyo au la hapana, litatufikisha hapo. La msingi ni chambo.

Niliwahi kukaa na mbunge mmoja tukiwa na rasimu yake juu ya soko la Ulaya. Nikapiga mstari kwenye "mpango gani", nikapiga mwingine kwenye "wakulima wetu wanyonge", nikapiga wa tatu kwenye aya nzima ya utangulizi. Akanitazama. "Sasa mtaalamu, mbona nabaki na mstari mmoja?" Nikamwambia, "Ndiyo, Mheshimiwa, na huo mmoja hawezi kuuruka." Hakupendezwa. Aliongeza utangulizi wake aliposimama, Spika akamtaka aulize swali, na muda wake wa nyongeza ukaishia njiani. Nilisikiliza nikiwa na uchungu, kwa sababu swali lilikuwa zuri.

Lilihusu EPA, mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Majadiliano yake yalihitimishwa Oktoba 2014. Jumuiya ingefungua soko lake kwa asilimia 82.6 ya thamani ya bidhaa zinazotoka Ulaya, hatua kwa hatua ndani ya miaka 25. Kenya na Rwanda walisaini Septemba 2016. Novemba mwaka huo Bunge letu liliujadili na kuishauri Serikali isisaini, wabunge wa CCM na wa upinzani wakisimama upande mmoja, jambo ambalo halionekani kila siku Dodoma.

Hoja iliyobeba mjadala ilikuwa kwamba hatuna cha kupoteza. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni katika orodha ya Umoja wa Mataifa, na tangu 2001 nchi hizo huingiza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha bila kulipa ushuru. Kenya haimo kwenye orodha hiyo, ndiyo maana Oktoba 2014 maua yake yalianza kutozwa ushuru na Kenya ikabanwa. Sisi hatukubanwa. Hoja ilikuwa ya kweli na niliiunga mkono. Lakini ina tarehe ya kuisha, na hapo ndipo ningependa upinzani uwe mkali zaidi.

Julai 2020 Benki ya Dunia ilitupandisha daraja kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, tukashangilia. Watu wengi, wakiwemo wabunge, walidhani kwa kupanda huko tumeshatoka kwenye orodha ya nchi duni. Sivyo. Orodha ile ni ya Umoja wa Mataifa, inapitiwa kila baada ya miaka 3, na hutazama mambo matatu: kipato, hali ya afya na elimu ya watu, na jinsi uchumi unavyoweza kuyumbishwa. Nchi ikitoka humo, Ulaya huipa kipindi cha mpito cha miaka 3 kabla ya kuiondolea msamaha ule. Kwa hiyo siku inahesabika, na nchi yenye busara huanza hesabu zake kabla.

Haya yote upinzani una nafasi finyu ya kuyasema. Kanuni zinataka walau asilimia 12.5 ya wabunge ili kuwe na Kambi Rasmi ya Upinzani, na baada ya uchaguzi wa 2020 idadi hiyo haikufikiwa. Bila kambi hakuna waziri kivuli wa kusoma hotuba ndefu ya wizara wakati wa bajeti. Kinachobaki kwa mbunge mmoja mmoja ni swali. Inaniuma ninapoona dakika hizo chache zinamalizwa na "mpango gani".

Rasimu niliyonayo mezani sasa ina swali hili la msingi: "Je, ni bidhaa zipi za Tanzania zitakazotozwa ushuru katika soko la Umoja wa Ulaya siku nchi itakapotoka katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni, na kwa kiwango gani kila moja?" Najua jibu litaanzia kwenye kahawa, kwa sababu kahawa inafariji: kahawa mbichi inaingia Ulaya bila ushuru hata ikitoka nchi isiyo na nafuu yoyote. Waziri atasema kweli, na ukumbi utatulia.

Kisha mbunge atasimama tena, na kwenye daftari lake kuna mstari mmoja tu: "Mheshimiwa Spika, na kahawa iliyokaangwa?"