Siku ya tatu mpe jembe: dhana potofu kuhusu kupata watu chuoni

Kila mwaka vyuo vikifunguliwa, simu yangu hujaa ujumbe wa wadogo zangu na watoto wa ndugu waliopangiwa mwaka wa kwanza. Masomo hawaniulizi kabisa. Wanazunguka kwanza, habari za nyumbani, joto la Dar, bei ya wali, halafu linakuja lile swali lenyewe: “Kaka, hivi huku mtu anapataje watu?” Na kabla sijajibu wanakuwa na majibu yao tayari, waliyopewa na mzazi, na mtaa, na video za simu. Mengi si ya kweli. Nayachambua hapa kwa chuo ninachokijua, Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ingawa nadhani wa Dodoma na Mzumbe nao watajiona.

Dhana: Wiki ya kwanza ikipita hujapata kampani, ndiyo basi tena

Makundi ya wiki ya kwanza yameshikwa na gundi moja tu, nayo ni foleni. Foleni ya usajili, foleni ya chumba, foleni ya kusaini bumu, yaani hela ya mkopo wa kujikimu, na ile safari ya watu watano wasiojuana wakiyatafuta madarasa ya Yombo huku kila mmoja akijifanya njia anaijua. Foleni ikiisha, kundi nalo linayeyuka. Niliokuwa nao kwenye usajili sikumbuki hata majina. Namkumbuka mmoja tu, kwa sababu aliniazima kalamu ya bluu na mpaka leo sijamrudishia.

Kinachomuumiza mgeni ni kuamini kwamba wenzake wote wameshapata watu isipokuwa yeye. Hilo limechunguzwa. Katika utafiti uliotoka mwaka 2017, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliulizwa nani ana marafiki wengi wa karibu, wao au wenzao. Asilimia 48 walisema wenzao. Waliojiona wao ndio wenye wengi walikuwa asilimia 31. Ukipita mbele ya kafteria ukaona kundi linacheka, ujue wamo wawili watatu ndani yake wanaojiuliza wamefikaje pale.

Halafu kuna suala la saa. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha hesabu yake mwaka 2018: kutoka kufahamiana hadi urafiki wa juujuu huchukua takriban saa 50 za kuwa pamoja, kuitana rafiki kweli kama saa 90, na rafiki wa ndani zaidi ya saa 200. Sasa piga hesabu ya kwetu. Semina ya saa moja kwa wiki, muhula wa wiki 15, ni saa 15. Hata kama mtu yuleyule mnakutana kwenye semina tatu, mnamaliza muhula na saa 45, bado tano kufikia urafiki wa juujuu. Na Hall aliona kwamba saa za darasani na kazini hazina uzito wa saa za kukaa tu, kula na kupiga soga. Kwa hiyo wiki ya kwanza haijaamua chochote. Haina saa za kutosha.

Hapo ndipo kimbweta kinapoingia. Kwa asiyekijua, ni meza ya zege na mabenchi yake ya zege chini ya mti, nje ya madarasa. Watu husomea hapo, hubishana Simba na Yanga hapo, husubiri bumu hapo. Ukikaa kimbweta kilekile, saa ileile, siku nne kwa wiki, utaanza kuulizwa jana ulikuwa wapi. Ukihamahama kutafuta watu wazuri zaidi utabaki mgeni mpaka Januari.

Dhana: Umeenda kusoma, hukuenda kutafuta marafiki

Hii ni ya wazazi, na naiheshimu, maana mzazi ameuza mbuzi. Anaogopa mtoto atadisko, yaani atafeli na kuondolewa chuoni, kwa sababu ya kampani. Wapo waliodisko hivyo, sitabisha. Ila niliowaona mimi wakikusanya sapu, ile mitihani ya kurudia, wengi walikuwa peke yao: hakuna aliyewaambia jaribio limesogezwa, hakuna aliyewapa desa, zile kopi za kusomea, na walipougua wiki nzima hakuna aliyeshtuka. Vincent Tinto, msomi wa Marekani, alieleza tangu mwaka 1975 kwamba mwanafunzi hubaki chuoni kwa kamba mbili, masomo na watu. Kamba moja ikilegea, ya pili inabeba mzigo wote.

Mama yangu nilimweleza hivi: anayenifundisha takwimu saa nne usiku halipwi na chuo. Alinyamaza kidogo, akauliza kama huyo mtu anakula vizuri.

Dhana: Lazima uwe mchangamfu

Huko nyuma, mwaka 1950, watafiti watatu walichapisha uchunguzi wao wa nyumba za wanafunzi wenye ndoa wa chuo cha MIT, Marekani. Walitaka kujua nani anafanya urafiki na nani. Jibu likawa la kuchekesha kwa udogo wake: jirani wa mlango unaofuata. Na waliokaa chini karibu na ngazi walijuana zaidi na watu wa ghorofa ya juu kuliko walivyojuana nao majirani zao, kwa sababu tu watu hupita pale. Tabia zao hazikuwa na neno.

Kwa hiyo mkimya asijilazimishe kuwa mchekeshaji. Achague kitanda karibu na mlango.

Na akishaongea na mtu, asirudi chumbani kujihukumu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mwingine ulioonyesha kwamba watu wawili wakiongea kwa mara ya kwanza, kila mmoja huondoka akidhani amependwa kidogo kuliko alivyopendwa kweli. Watafiti waliwafuatilia hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wanaoishi pamoja, na hali hiyo ikaendelea kwa miezi. Yaani unalala chumba kimoja na mtu anayekupenda, na wewe unajiona unamkera.

Dhana: Bila hela huna watu

Wiki ya bumu kila mtu ana watu. Chipsi kuku zinaagizwa kwa simu na hata asiyekujua anakuita mkuu. Mimi hesabu yangu naianzia wiki ya nane, bumu limekata, watu wanapiga pasi ndefu, chai hakuna, mlo mmoja saa kumi jioni. Atakayekugawia nusu sahani wakati huo, mwandike.

Shule kubwa ya jambo hili ni kubebana. Sheria za hosteli zinakataza, na wala siisifii. Inatokana na vitanda kuwa vichache kuliko watu, na hata hosteli za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017 na nafasi 3,840 hazikumaliza tatizo. Lakini ndivyo wengi tulivyoishi. Aliyepata chumba anambeba asiyepata. Mnalala mzungu wa nne, miguu yake sikioni kwako, na asubuhi anayebebwa anaamka wa kwanza, anakunja shuka, anachukua ndoo na kwenda kukinga maji kabla bomba halijakauka. Hakuna aliyemwambia. Ndiyo kodi yake. Baada ya mwezi, mwenye kitanda hawezi kuoga bila yeye, na watu wa chumba wanamuuliza yeye sabuni imewekwa wapi. Hela haikuwahi kutajwa.

Kungekuwa na vitanda vya kutosha ningefurahi zaidi. Ila sijaona mahali pengine mgeni anapogeuka mwenyeji kwa kasi ile.

Dhana: Kaa na wa kwenu, hao hawakutupi

Hii ni kweli nusu, ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Jumuiya za dini, TMCS kwa Wakatoliki, MSAUD kwa Waislamu, TAFES na USCF kwa Wakristo wengine, na nyinginezo, zimeokoa watoto wengi. Ukiangalia vizuri zinavyofanya kazi, hazianzi kwa kukupenda. Zinaanza kwa kukupa kazi: panga viti, shika spika, njoo mapema tupike futari. Sijui ofisi yoyote ya ushauri inayopokea wageni vizuri hivyo.

Nusu ya pili ndiyo yenye kasoro. Ukimaliza miaka mitatu umekula na watu walewale ambao ungekula nao hata usingekuja, umelipa nauli bure. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1973 kwamba waliopata kazi kupitia mtu, mara nyingi walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara moja moja tu, yule wa salamu. Rafiki wa ndani anajua yaleyale unayoyajua wewe. Na Mlimani yenyewe ilijengwa kwa mchanganyiko. Yoweri Museveni alipokuwa mwanafunzi pale mwishoni mwa miaka ya 1960, chama alichokiongoza, USARF, kilikusanya vijana wa nchi mbalimbali za Afrika. Siasa zao tuziache, lakini hakuna aliyeulizwa kijiji. Nyuma ya chuo kuna kitongoji ambako wengi hupanga magheto, kinaitwa Changanyikeni. Wapo waliokaa huko miaka mitatu bila kulisikia jina la mtaa wao.

Dhana: Nipo kwenye kundi la WhatsApp la kozi, inatosha

Watu 240, na ukiandika “jamani nani ana desa la wiki ya tatu” unapata tiki za bluu na stika ya mtu analia. Haitoshi.

Dhana: Ukijiona mgeni, maana yake hapa si pako

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inajificha. Mtoto ametoka shule ya kata, Kiingereza chake ni cha kuandika, hajawahi kukisema mbele ya watu. Siku ya prezentesheni anasimama, anaona wenzake wa shule za kulipia wanamimina maneno, sauti inamkauka. Anakaa chini na hukumu yake mkononi: mimi si wa hapa, walinichagua kwa makosa. Kuanzia hapo kila kitu kinakuwa ushahidi. Mhadhiri hakumtazama, ushahidi. Wenzake wameenda kula bila kumwita, ushahidi.

Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha jaribio lao mwaka 2011, kwenye chuo kimoja cha Marekani. Waliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza maelezo ya waliotangulia: hata sisi tulijiona wageni, ikapita. Kisha wakawaomba waandike na kurekodi video ya kuwatia moyo watakaokuja mwaka unaofuata. Yote yalichukua kama saa moja. Wanafunzi weusi walioshiriki walipanda alama kwa miaka mitatu iliyofuata, na pengo kati yao na weupe likapungua kwa nusu. Watu husifia yale maelezo. Mimi jicho langu liko kwenye ile video. Yule aliyejiona mgeni alipewa jukumu la kupokea wageni. Wazee wetu walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sisi tukaisoma methali hiyo kana kwamba ni ya kumfukuza mgeni. Nadhani ni ya kumpokea.

Jembe langu lilikuja wiki ya tano. Siara wetu, yaani kiongozi wa darasa, dada mmoja wa Bukoba asiyejua jina langu, alinikuta nimesimama pembeni ya mlango wa semina, kama kawaida yangu. Akaninyooshea noti zilizokunjwa na desa lenye pini. “We wa Namtumbo, shika. Kopi 38, urudi kabla ya saa nane.” Nikashuka mbio mpaka steshenari. Chenji ilikuwa shilingi 1,700, nikaihesabu mara tatu njiani nisije nikaambiwa mwizi. Nikapanda kilima na mfuko wa rambo umenikata vidole, nikaanza kugawa, na kwa mara ya kwanza nikasoma majina ya darasa langu moja moja kwenye orodha.

Dakika tano hazijapita, sauti ikatoka nyuma: “Namtumbo! Yangu haina ukurasa wa sita.” Tukakagua. Hakuna aliyekuwa na ukurasa wa sita. Nikashuka tena.

Jioni nilipopita kwenye kimbweta chao walisogea, nikapata nafasi ya nusu mtu kwenye zege la moto, na wakanisema juu ya ukurasa wa sita mpaka giza likaingia.