Oksijeni Siyo Inayoua

Huku Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, ingali ikisikika kauli iliyopata nguvu wakati wa UVIKO-19: mgonjwa akishawekewa oksijeni, basi hatoki mzima. Kauli hiyo imeyageuza mambo kichwa chini miguu juu. Daktari huagiza oksijeni kwa sababu kiwango cha oksijeni katika damu, ambacho kwa mtu mwenye afya huwa asilimia 95 au zaidi, kimeshuka mno, pengine chini ya 90. Hivyo wanaowekewa ni wale waliokwisha kuzidiwa, na wanaofariki miongoni mwao huuawa na ugonjwa. Hofu yenyewe, kwa bahati mbaya, huwafanya wengi wabaki nyumbani wakijifukiza hadi wanapochelewa.

Lililo kweli ni kwamba wodi huelemewa. Mtungi mkubwa wa lita zipatazo 6,800, ukitoa lita 10 kwa dakika, haudumu hata muda wa saa 12, na muuguzi mwenye wagonjwa wengi hulazimika kuufuatilia usiku kucha. Ndugu mwenye shaka anaweza kumwomba, kwa adabu, amwoneshe namba inayosomeka kwenye kifaa kinachobanwa kidoleni kabla na baada ya hewa kufunguliwa.