Samaki mwenye taa na mume wake: acheni kuwachanganya

Tangu video ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, ikionyesha samaki mweusi wa kilindini mwenye taa kichwani akiwa karibu na uso wa maji, isambae kwenye WhatsApp mwaka 2025, kila nikifundisha habari za viumbe wa bahari kuu hapa Dar es Salaam, lazima mtu aulize: "Mwalimu, ni kweli dume anagandia ubavuni mwa jike mpaka anakuwa sehemu ya mwili wake?" Ukumbi unacheka, utani wa ndoa unaanza, somo limeharibika.

Jamani, siyo huyu. Wa kwenye video ni Melanocetus johnsonii, na kwenye jenasi (yaani kundi la spishi zinazokaribiana) ya Melanocetus dume humng'ata jike kwa muda tu. Wakishamaliza shughuli ya uzazi, anaachia na kwenda zake. Wanaoungana nyama kwa nyama, dume akilishwa na damu ya jike, wapo kweli, ila ni wa jenasi nyingine, kama Ceratias na Cryptopsaras. Kwa Ceratias, ni Charles Tate Regan, mtaalamu Mwingereza wa samaki, aliyeeleza mwaka 1925 kwamba kisamaki kilichong'ang'ania jike kilikuwa dume wake. Simulizi ikasafiri, jina la jenasi likaachwa njiani. Sasa kila samaki mwenye taa anabebeshwa ndoa isiyo yake.

Taa nayo ni ya jike peke yake. Si umeme: ni bakteria wanaong'aa, wanaoishi kwenye kifuko kilicho kwenye ncha ya mwiba wa pezi uliochomoza juu ya mdomo. Dume hana. Mnaochora familia nzima, baba na taa yake, futeni.

Eti samaki huyu ni jitu? Jike mkubwa hufika kama sentimita 18. Yule wa Tenerife alikuwa na 6 hivi. Kamera ilimsogelea tu. Mimi picha ya samaki isiyo na rula pembeni huwa siifungui, nanyi jizoezeni hivyo.

Ati kupanda kwake juu ni dalili ya tsunami! Alikuwa taabani, akafa, akapelekwa makumbusho ya Santa Cruz, hukohuko Tenerife. Tsunami iko wapi?

Na msiende kumuulizia soko la samaki la Feri. Melanocetus kwa kawaida hukaa chini ya mita 200, mara nyingi mbali zaidi ya hapo, na bahari iliyo kati yetu na Unguja haina kina hicho. Upande wa Pemba ndiko maji yanakozama mamia ya mita, na hata huko nyavu za dagaa hazifiki.